Mutesheni ya jeni na ya kromosomu: maswali mnayouliza kila siku

Haya maswali mengi yametoka kwa wanafunzi wa fomu siksi wanaokuja tuisheni jioni huku Mbagala, mengine ya wazazi, maana mtaani ukishajulikana unafundisha bailojia basi watu wanakufanya daktari. Mimi sio daktari. Nimejibu kama ninavyoongea darasani, kwa hiyo kuna sehemu nimeenda mbio na kuna sehemu nimekaa.

Ticha, kwa kifupi kabisa tofauti yake ni nini?

Mutesheni ni badiliko kwenye DNA, yale maandishi ya herufi A, T, G na C yanayoelekeza mwili. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo inayosema protini itengenezwe vipi, na kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliobeba jeni nyingi. Mutesheni ya jeni inagusa jeni moja, saa ingine herufi moja tu ndani ya hiyo jeni. Ya kromosomu inagusa kipande chenye jeni nyingi au kromosomu nzima: imekatika, imejirudia, imegeuzwa, imehamia kwa jirani, au idadi yenyewe imezidi au imepungua. Binadamu tuna kromosomu 46, jozi 23, na humo kuna jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, na seti moja ina herufi kama bilioni 3. Piga hesabu mwenyewe kromosomu moja imebeba jeni ngapi. Kingine, ya jeni huioni kwa hadubini hata uwe nayo nzuri vipi, ila nyingi za kromosomu ukitayarisha seli vizuri unaziona kabisa.

Kwa hiyo ya kromosomu ndo mbaya zaidi, si ndio?

Hapa ndo wengi wenu mnapoteza maksi. Kwa wastani ndio, mutesheni za kromosomu zina madhara makubwa, na nyingi hata hatuzioni kwa sababu mtoto hafiki kuzaliwa: karibu nusu ya mimba zinazotoka zenyewe miezi mitatu ya mwanzo zina hitilafu ya kromosomu. Lakini ukisema kila ya kromosomu ni mbaya kuliko kila ya jeni umekosea. Kuna mtu mtaani anatembea na kromosomu 45, mzima wa afya, anacheza mpira, kwa sababu kromosomu zake mbili zimeungana tu na jeni za maana zote zipo. Huyo ana badiliko kubwa unaloliona kwenye hadubini na hana shida yoyote. Halafu kuna mtoto ana herufi moja tu imebadilika na kila baada ya miezi miwili yuko wodini.

Kwa hiyo usiulize mutesheni ni kubwa kiasi gani. Uliza protini imekuwaje: imebadilika umbo, imezidi, imepungua, haipo kabisa, au haijaguswa. Ukishika hilo maswali mengine yote ya hii topiki yanajijibu.

Herufi moja inawezaje kuumiza mtoto hivyo?

Selimundu ndo mfano wetu, na kwa Tanzania hatuhitaji kwenda mbali maana ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na huu ugonjwa. Jeni ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, iko kwenye kromosomu 11. Kodoni (herufi tatu zinazoita asidi amino moja, yani tofali moja la protini) ya 6 inatakiwa isomeke GAG, inasomeka GTG. A imekuwa T, basi. Pale kwenye asidi ya glutamiki inakaa valini. Ni kama unapotuma hela kwa simu ukakosea tarakimu moja, namba zingine zote uko sahihi lakini hela imeenda kwa mtu mwingine.

Sasa valini haipendi maji, kwa hiyo hemoglobini ikishaachia oksijeni zinaanza kugandana, zinatengeneza nyuzi ndefu ndani ya chembe nyekundu, chembe inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo. Mbele ya pale damu haipiti, na hayo ndo maumivu. Angalia mtoto wa miezi saba au nane: vidole vya mikono na miguu vimevimba vyote, vimejaa kama soseji, ukimgusa analia mpaka anakosa sauti. Bibi anasema kalaliwa, jirani anasema kuna jicho. Kumbe hemoglobini ya kichanga aliyozaliwa nayo, ambayo ilikuwa inamlinda, imeanza kupungua na ile yenye valini imeshika zamu. Ndo maana mtoto anazaliwa yuko poa kabisa halafu mambo yanaanza kuharibika kuanzia miezi sita hivi. Hilo la miezi sita watahini wanalipenda, na mama ukiona vidole vimevimba hivyo usikae nyumbani unakanda na maji ya moto, nenda hospitali wampime.

Kwani kila mutesheni ya jeni inadhuru?

Hapana jamani. GAG ikibadilika kuwa GAA protini ni ileile, maana kodoni zote mbili zinaita asidi ya glutamiki. Kila mmoja wetu kazaliwa na herufi mpya kama 60 hivi ambazo baba na mama hawana, na wengi wetu tuko fresh tu.

Zingine zinasaidia. Karibu kila jeni tuna kopi mbili, ya baba na ya mama. Mwenye AS, yani kopi moja nzima na moja ya selimundu, anakuwa na kinga dhidi ya malaria kali, na Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyofanya huku huku Afrika Mashariki. Ndo sababu hii herufi haijafutika. Inaua wenye kopi mbili lakini inawabeba wenye kopi moja, na penye malaria nyingi kama kanda ya ziwa wenye AS ni wengi. Kwa nchi nzima inatajwa kama asilimia 13 mpaka 20.

Na usisahau mdudu wa malaria naye ana jeni zake. Klorokwini ilikufa hivyo hivyo: mutesheni kwenye jeni moja ya kimelea, dawa ikawa inatolewa nje kabla haijafanya kazi, mwaka 2001 Tanzania bara tukaiacha tukahamia SP, yani sulfadoksini na pirimethamini, nayo ikachoka, mwisho wa 2006 tukaja kwenye dawa mseto. Sasa Kagera wameshakuta vimelea vyenye mutesheni kwenye jeni ya kelch13 inayopunguza makali ya artemisinini, dawa kuu ndani ya hiyo mseto. Kwa hiyo ukiulizwa mutesheni ina faida au hasara, uliza kwanza kwa nani.

Mbona wanasema kuongeza au kutoa herufi ni mbaya kuliko kubadilisha?

Kwa sababu herufi zinasomwa tatu tatu. Chukua: MTU ANA UZI ULE. Badilisha herufi moja, neno moja limeharibika, mengine unaelewa. Toa T: MUA NAU ZIU LE. Kila kitu baada ya pale ni takataka, na mara nyingi unakutana na kodoni ya kusimama kabla ya wakati, protini inakatwa nusu. Toa herufi tatu za neno zima ANA: MTU UZI ULE. Umepoteza neno lakini yanayofuata yako sawa.

Sasa hii ndo raha yake. Jeni ya distrofini, protini ya misuli, iliyoko kwenye kromosomu X, ni ndefu balaa, herufi zaidi ya milioni 2. Kijana aliyepoteza kipande kidogo lakini kikavuruga usomaji wa tatu tatu anapata distrofia ya Duchenne, misuli inaisha, wengi wanaingia kwenye kiti cha magurudumu wakiwa bado wadogo, kabla ya miaka 13 hivi. Mwingine kapoteza kipande kikubwa kuliko cha mwenzake ila tatu tatu haijavurugika, anapata ya Becker ambayo ni nyepesi, wengine wanatembea mpaka utu uzima. Aliyepoteza kingi kaumia kidogo. Ukiandika huu mfano kwenye pepa anayesahihisha anakaa vizuri kwenye kiti.

Nachanganyikiwa, delisheni, yani kupotea kwa kipande, ipo kwenye jeni na kwenye kromosomu pia. Natofautishaje?

Kwa kuangalia kilichopotea ni sehemu ya jeni moja au ni mtaa mzima wa jeni. Na kuna mfano mtamu ambao vyote viwili vinatokea sehemu moja, kromosomu 15.

Pale kuna jeni inaitwa OCA2. Watu wengi wenye ualbino hapa Tanzania tatizo lao liko kwenye hiyo jeni, na mutesheni inayoonekana sana Afrika ni kupotea kwa kipande cha herufi kama 2,700. Herufi 2,700 zinaonekana nyingi lakini zote ni za ndani ya jeni moja, kwa hiyo hiyo ni mutesheni ya jeni. Kopi zote mbili zikiwa zimeharibika, ya baba na ya mama, mtoto anakosa melanini, yani ile rangi, kwenye ngozi, nywele na macho. Haoni vizuri mbali, jua linamuunguza na linaweza kumletea kansa ya ngozi akikosa kofia, nguo ndefu na mafuta ya kuzuia jua. Akili yake haina tatizo lolote, ila mwalimu akimkalisha nyuma atafeli kwa sababu haoni ubao.

Sasa chukua kromosomu 15 hiyo hiyo, mtaa huo huo, lakini safari hii kimenyofoka kipande cha herufi kama milioni 5 au zaidi. OCA2 imeondoka, na majirani zake wote wameondoka nayo. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo: kama kipande kimepotea kwenye kromosomu iliyotoka kwa baba, mtoto anapata sindromu ya Prader-Willi, anazaliwa mlegevu, kunyonya shida, halafu akikua anashikwa na njaa isiyoisha. Kikipotea kwenye ile ya mama ni sindromu ya Angelman, mtoto anachelewa sana, haongei au maneno mawili matatu, ana degedege, anacheka cheka. Na wengi wa hawa watoto ngozi na nywele zao zinakuwa na rangi nyepesi kuliko ndugu zao, sababu ni OCA2 moja imeondoka na msafara.

Ukiyaweka haya mawili pamoja unaona kila kitu. Ya jeni inakupa tatizo moja linaloeleweka, melanini. Ya kromosomu inakupa mkusanyiko wa mambo, misuli, njaa, akili, usemi, na rangi humo humo, kwa sababu kila jeni iliyoondoka inadai chake. Tofauti nyingine ni kopi: kwa ualbino lazima zote mbili ziharibike, mwenye moja hata hajijui. Kwa kile kipande kikubwa kopi moja tu kupotea inatosha.

Kwa nini Down ni kromosomu 21, mbona hatusikii ya 1 au ya 7?

Swali zuri kuliko mengi. Mwenye sindromu ya Down ana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Kuzidi kwa kromosomu kunatokea kwa zingine pia, ila hawazaliwi. Kromosomu 21 ina jeni chache sana, mia mbili na kitu za protini, wakati ya 1 ina kama elfu mbili. Mwili unaweza kuvumilia dozi ya ziada ya jeni mia mbili, kwa shida, lakini sio elfu mbili. Ya 16 ikizidi ndo inaonekana sana kwenye mimba zilizotoka. Ya 18 na ya 13 watoto wanazaliwa lakini wengi hawamalizi mwaka. Na kukosa moja ni balaa kuliko kuzidi moja: ukiacha X, mtoto anayekosa kromosomu nzima kwenye seli zake zote hafiki.

X na Y zenyewe ni habari nyingine. Msichana mwenye X moja tu, sindromu ya Turner, anaishi, anakuwa mfupi na mara nyingi ovari hazifanyi kazi. Mvulana wa XXY, sindromu ya Klinefelter, wengine hawajui mpaka waoe watoto wasipatikane. Mwili una kawaida ya kuzima X za ziada kwa sehemu kubwa, Mary Lyon aliileta hiyo hoja mwaka 1961, kwa hiyo dozi haizidi sana. Unaona? Tunarudi pale pale kwenye kiasi cha protini.

Mwalimu, mwanangu ana Down, ukweni wanasema mimi ndo nimeleta. Ni kweli?

Hapana mama, na pole kwa maneno. Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza mwaka 1959 kwamba hawa watoto wana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Kwa kama asilimia 95 ni ajali wakati yai au mbegu inatengenezwa, kromosomu mbili zilitakiwa ziachane hazikuachana. Hakuna chakula ulichokula, hakuna mtu aliyekufanyia, hakuna dhambi. Ni kweli ajali hiyo mara nyingi inatokea upande wa yai na umri unaongeza: miaka 25 ni kama mimba 1 kati ya 1,200, miaka 35 kama 1 kati ya 350, miaka 40 kama 1 kati ya 100. Ila watoto wengi wenye Down wanazaliwa na kina mama vijana kwa sababu hao ndo wanaozaa sana.

Kuna asilimia 3 au 4 ambayo kromosomu 21 ya ziada imebandikwa kwenye nyingine, na hapo mzazi mmoja anaweza kuwa ndo yule mtu wa kromosomu 45 niliyemtaja juu. Anaweza kuwa baba vilevile, waambie ukweni.

Zote zinarithiwa?

Sio kwa namna moja. Mutesheni nyingi za jeni zenye majina makubwa zinatembea kimya kwenye ukoo vizazi na vizazi. Baba AS, mama AS, wote wazima, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS, yani mwenye kopi zote mbili za selimundu. Kila mimba! Sio kwamba ukishampata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama, hii nimeisikia mpaka kwa watu wasomi. Kuzidi kwa kromosomu nzima kwa kawaida ni ajali ya mara moja, haina ukoo, ukishapata mtoto mmoja wa Down ya kawaida nafasi ya kurudia ni ndogo, kama asilimia 1, na inapanda na umri.

Na mutesheni ikitokea kwenye seli ya ngozi au ini, hiyo unakufa nayo, mtoto haipati.

Kansa inaingia wapi?

Pote. Ya jeni kwanza: sumu ya aflatoksini, ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ukiila kidogo kidogo miaka mingi inapenda kuharibu herufi moja kwenye jeni ya p53, ile inayozuia seli zisigawanyike ovyo, ndani ya seli za ini, G inakuwa T kwenye kodoni ya 249. Hiyo ni ya jeni.

Ya kromosomu, tazama uvimbe wa taya kwa watoto ambao Denis Burkitt aliuandika kutoka Uganda mwaka 1958. Kipande cha kromosomu 8 kinahamia kwenye ya 14, na jeni ya MYC inayoamrisha seli zigawanyike inajikuta imekaa jirani na swichi ya kingamwili ambayo haizimwi. Jeni yenyewe haijapotea, imehama makazi tu, basi inapiga kelele usiku na mchana. Leukemia sugu ya mieloidi, kansa ya damu, nayo hivyo, 9 na 22 zimebadilishana vipande: kromosomu fupi ilionekana 1960 huko Philadelphia, Janet Rowley akaeleza mwaka 1973 kwamba ni kubadilishana, na mwaka 2001 ikaja imatinibu, kidonge kinachofunga ile protini mpya iliyozaliwa pale vipande vilipoungana. Kansa nyingi lakini zina mchanganyiko wa vyote, usijaribu kuzigawa kwa lazima.

Mimea je? Notsi zinasema poliploidi, yani kuwa na seti nzima za kromosomu zaidi ya mbili, ni nzuri kwao.

Mimea ni wabishi. Ndizi unazokula zina seti tatu, kromosomu 33, na namba ya tatu haigawanyiki vizuri kwa mbili, ndo maana hazina mbegu na tunapanda machipukizi. Ubaya wake shamba zima ni ndugu wa damu, ugonjwa wa mnyauko ukiingia unafagia. Kahawa arabika ya Kilimanjaro ina kromosomu 44, robusta ya Bukoba 22. Seti ikizidi nzima nzima uwiano wa jeni haujavurugika, tofauti na kuzidi kromosomu moja pekee. Tikiti lisilo na mbegu pale Buguruni ni seti tatu pia.

Wakisema linganisha kwenye pepa niandike vipi?

Achana na jedwali lenye "kubwa" na "ndogo". Kila pointi iwe na pande zote mbili kwenye sentensi moja na mfano: idadi ya jeni zinazoguswa, kama inaonekana kwa hadubini, kama kopi moja inatosha kuleta dalili, kama inaenda kwenye ukoo, mtoto anafika kuzaliwa au hafiki. Halafu weka angalau mfano mmoja unaopingana na kanuni, yule wa kromosomu 45 au Becker.

Vipimo vyake vikoje?

Karotaipu ni kipimo cha kuziona kromosomu zote: wanachukua damu, wanazikuza seli siku mbili tatu, wanazisimamisha katikati ya kugawanyika pale kromosomu zinapokuwa nene, wanazipasua juu ya kioo na kuzipaka rangi ya Giemsa, ile ile ya slaidi za malaria, halafu mtu anakaa anazihesabu na kuzipanga jozi jozi kwa michirizi yake. Selimundu huioni huko hata kidogo, kromosomu 11 itatoka nzuri kabisa. Yenyewe inapimwa kwa kutenganisha hemoglobini kwa umeme, au kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole, na Muhimbili wana kliniki yake. Mnaotaka kuoana nendeni wote wawili, sio mmoja, halafu jibu la AA (kopi zote mbili nzima) au AS lipige picha kwenye simu maana karatasi zinapotea.